Jinsi Tulivyochakaza Ovaroli Mpya

Kikundi chetu cha ushonaji kimeniomba niandike habari za miaka yangu ya cherehani kabla hazijanitoka kichwani, na kikaninunulia daftari la kurasa mia moja. Nimezihesabu mara mbili. Ni tisini na mbili. Huyo aliyeliuza amekosea kazi. Angekuwa fundi nguo angefika mbali, maana kitambaa cha mteja hupungua hivyo hivyo.

Vyeo sitavisimulia, kwa sababu fundi cherehani hana vyeo. Akipanda sana, meza yake husogezwa karibu na dirisha. Mapato nayo niachieni mimi na Mungu wangu, ambaye hata yeye sijamwonyesha yote. Nitaandika mikono yangu ilishika nini, nani aliifundisha, na ile kazi ya mikoba ambayo ninyi wadogo zangu mmeisikia vipande vipande, kila mtu na kipande chake alichokitia chumvi.

Nilianza hapa hapa mtaani Kambarage, kwa Fundi Kashinje. Alikuwa mzee mfupi, tepu ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda kupokea komunyo. Siku ya kwanza nilivaa gauni zuri nikidhani nitakalishwa kwenye mashine. Akanipa wembe na koti kuukuu.

"Fumua."

Nikafumua hadi saa sita. Akaja, akavuta kigoda.

"Umeona nini?"

"Kola, Fundi."

"Kola hata mpita njia anaiona. Ndani umeona nini?"

"Bitana imeshikizwa kwa mkono, si kwa mashine."

"Kwa nini?"

"Sijui, Fundi."

"Vizuri. Wenzako wote waliokuja hapa walikuwa wanajua."

Nilifumua miezi mitatu. Leo nawaona vijana wanajifunza kwa kuangalia simu, wiki ya pili wana bango mlangoni lenye picha ya bibi harusi. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba bibi harusi mmoja wa mtaa wa pili alipasuka mgongoni akiwa madhabahuni, na padri akaendelea kusoma kama hajaona.

Kashinje alinifundisha mengine ambayo siku hizi mnayaita mitindo endelevu, yeye akiyaita kutokuwa mjinga. Kola ikichakaa, ing'oe, igeuze, irudishe. Shuka likikonda katikati, lichane, uliunganishe kando kwa kando. Vifungo vya nguo iliyokufa vina kopo lake. Hatukuwa na dhamiri ya mazingira. Tulikuwa hatuna vifungo.

Nilipoolewa nikahamia Nyarugusu, kwa sababu mume wangu alipata kazi kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Nilifungua kibaraza mkabala na njia ya kwenda mashimoni. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mwenye duara, yaani mwenye shimo, baba mmoja mnene aliyekuja na suruali ishirini na nne za vijana wake.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama. "Nishonee mifuko yote ifungwe."

"Yote? Hata ya nyuma?"

"Wewe ungekuwa jiwe lenye dhahabu, ungeingia mfuko upi?"

"Wa nyuma."

"Haya. Shona."

Suruali ishirini na nne, mifuko minne minne, ni mifuko tisini na sita. Nikahesabu mara ya pili nikapata tisini na saba. Kumbe kuna kijana alikuwa ameshajiwekea wake chini ya mkanda. Nilifunga yote. Kesho yake, kabla sijamaliza chai, wale vijana wakaanza kuja mmoja mmoja, kila mmoja akitazama nyuma kama anayekwenda kwa mganga.

"Mayu, nifungulie kifuko kimoja. Kwa ndani."

"Cha nini?"

"Cha leso."

"Leso yenye uzito gani?"

Wakacheka, nikashona. Mwenye duara alinishukuru kwa kufunga, vijana wakanishukuru kwa kufungua, na pande zote mbili zikanitangaza kuwa fundi mwaminifu. Nilifanya kazi miaka mingi kwa sifa hiyo.

Kati ya vijana wale nilimpenda Masanja. Siku moja aliniletea shati limechanika bega, gumu kwa matope, ukilisimamisha linasimama.

"Tia kiraka, mayu, ila usilifue. Siku nilipopata mzigo wa dhahabu nilikuwa nimevaa hili. Ukilifua, bahati inakwenda na maji."

"Na harufu?"

"Harufu ni yangu peke yangu. Bahati ni yangu na wanangu."

"Basi niletee sabuni ya mikono yangu, maana mimi sina hisa kwenye hiyo bahati."

Akaleta nusu mche. Nilipoligeuza shati nikaona nyuma ni fupi, limekatwa kama kwa meno.

"Huku chini kumekwenda wapi?"

"Nimekamulia."

Ninyi wa mjini hili hamlijui, na ndilo lililokuja kutuletea kisa, kwa hiyo nitalieleza polepole. Mchimbaji akishasafisha mchanga wake, huuchanganya na zebaki ndani ya beseni. Zebaki huikamata dhahabu. Kisha mchanganyiko huo hufungwa kwenye kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana, ukakamuliwa kama tui: zebaki hupenya ikatoka, dhahabu hubaki ndani na zebaki kidogo, ikapelekwa kuchomwa. Kitambaa kizuri kuliko vyote kiko mgongoni mwa mchimbaji mwenyewe. Anainama, anachana, anakamua. Ndiyo maana mashati ya Nyarugusu ni mafupi nyuma, na ndiyo maana zebaki imelala ndani ya mishono yake.

Nilijifunza maana yake kwa jirani yangu Mzee Ngusa, aliyekuwa mchomaji wa dhahabu. Mwanzoni alikuja kwangu nimtungie uzi kwenye sindano, akasema macho yamezeeka. Mwaka uliofuata alikuja nimfunge vifungo. Mwisho alishika kikombe kwa mikono miwili na chai bado ikamwagika, na watu wakasema amerogwa. Muuguzi wa zahanati akatuita akina mama, akasema si uchawi, ni zebaki. Ina mvuke usiouona, haifuliki nguoni kwa sabuni, na anayeumia zaidi ni mjamzito na mtoto mdogo. Wengine walicheka. Mimi niliacha kuuza vitambaa vya kukamulia, na nikaacha kugusa mashati mafupi bila kuyang'uta nje kwanza, upepo ukiwa mgongoni.

Macho yangu nayo yalipoanza kukataa uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, mume wangu akiwa amekwishatangulia mbele ya haki, nilirudi Kambarage na kuingia kikundi hiki. Tulikuwa tisa. Mwenye mkono mzuri kuliko wote alikuwa Sabina, binti wa Ushirombo, mkulima mwana wa mkulima, aliyeshona mstari ulionyooka kuliko maneno ya mumewe. Mume huyo alikuwa amekwenda Maganzo kutafuta almasi. Kwa muda wote aliokaa huko alikuwa amepata namba mpya ya simu. Sabina alibaki na cherehani ya miguu, chumba cha kupanga, na Agatha wa miezi kumi, ambaye alishinda naye kazini, mara mgongoni, mara kwenye mkeka chini ya meza.

Hapo ndipo mradi ulipokuja. Uliletwa na Erasto, afisa kijana mpole, viatu safi, aliyezungumza kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwenye paji la uso wa msikilizaji.

"Shikamooni, akina mama. Tunataka mshone nguo zenye dhamiri."

Nimeshona nguo tangu msichana. Zenye mifuko nimeziona. Zenye dhamiri, bado.

"Mnunuzi wa kule Ulaya," akaendelea, "siku hizi hanunui ovyo. Anataka kujua nguo imetoka wapi, nani aliivaa kwanza, nani ameishona. Anataka kitu kilichochakaa kwa kazi halali, kisitupwe, kipewe maisha ya pili."

"Na akishajua yote hayo?" nikauliza.

"Anavaa kwa amani."

"Na asipojua?"

Akafikiri. Alikuwa kijana mkweli pale alipobanwa. "Anavaa tu, ila na huzuni."

Tukaangaliana. Nguo zao kuukuu huja kwetu kwa marobota, tunazipigania sokoni. Sasa walitaka kuukuu zetu. Niliona hiyo ni biashara nzuri, kwa sababu kila upande ulidhani umemlalia mwenzake. Oda ilikuwa mikoba sitini kutokana na nguo za wachimbaji wa Nyarugusu, kila mkoba na karatasi yenye jina la mchimbaji na miaka aliyokaa chini ya ardhi. Sabina aliandika jina lake wa kwanza. Kodi ya chumba haingojei almasi.

Gunia la nguo hizo lilipofika sikuwapo. Nilikuwa sokoni nabishana juu ya zipu. Niliporudi, wenzangu walikuwa wameshamwaga mashati sakafuni na Sabina anafumua la tatu. Harufu iliniambia kabla ya macho. Nikaokota moja, nikaligeuza. Fupi nyuma. La pili, fupi nyuma.

"Sabina, acha kwanza."

"Namalizia pindo, Mama Nkwimba. Lina mchanga." Akaligonga pindo kwa mpini wa mkasi ili mchanga utoke.

Kilichotoka hakikuwa mchanga. Kilikuwa chembe moja ya mviringo, inang'aa kuliko kioo. Ikabingirika mezani, ikaanguka kwenye mkeka, ikapasuka zikawa tatu. Agatha akacheka. Ni kitu kizuri mno kwa macho ya mtoto; hata mimi mtu mzima nimewahi kutamani kukishika. Akanyoosha mkono.

Nilikuwa sijakimbia tangu harusi yangu. Nilimnyakua kwa mguu.

"Mama Nkwimba! Mwanangu si kuku!"

"Fungua mkono wake."

"Umemtisha, ona anavyolia!"

"Sabina, fungua mkono!"

Tukaufungua. Hauna kitu. Tukafungua wa pili. Hauna kitu. Tukatazama mdomoni, chini ya ulimi, kwenye mikunjo ya shingo. Nikamwambia atoke nje na mtoto, wengine wote watoke, madirisha yafunguliwe. Zile chembe nilizisukuma kwa karatasi, nikaziingiza kwenye chupa yenye maji, nikaifunga. Nilizihesabu mara mbili, na safari hiyo sikuwa nafanya mzaha.

Kisha nikampigia Erasto, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi.

"Basi yafuliwe," akasema.

"Nani atafua?"

"Kikundi."

"Kwenye beseni lipi? Sabina ana beseni moja, ndilo analomwogeshea mtoto. Na haifuliki, baba."

Nikasikia anahema. "Mama, mnunuzi anataka kitu halisi. Mimi nina tarehe ya kufikisha. Kama ninyi hamwezi, kuna kikundi kingine kimeomba, nao wana shida."

Hapo nikapiga hesabu yangu. Tukikataa, gunia lingepanda gari likaenda kwa akina mama wengine wenye watoto wao kwenye mikeka yao, tena wasio na mzee aliyewahi kuishi jirani na mchomaji. Sisi tungebaki na usafi wetu na njaa yetu, na sumu ingekuwa imehama mtaa tu.

"Tunaweza," nikamwambia. "Tuachie."

Sabina alikuwa amesimama mlangoni, Agatha begani. "Tunaweza nini, Mama?"

"Kusema tumeweza."

Tulilifunga gunia, tukaliweka nje nyuma ya nyumba, juu, mtoto asipofika. Kesho yake tukaenda duka la vifaa vya ujenzi, tukanunua ovaroli mpya za buluu. Muuzaji nilimsumbua hadi akaniongezea mbili ili niondoke. Kisha akina mama tisa wenye akili timamu tukaanza kuharibu nguo nzima.

Kuchakaza ni ufundi, msidharau. Tulisugua magoti kwa tofali. Tulichemsha majivu na udongo mwekundu, tukaloweka. Tulizianika juu ya bati mchana kutwa, tukazigeuza kama mihogo. Uani tulizitandaza, tukazikanyaga huku na huku, na mama mmoja mwenye mwili wake tukamwomba akae juu ya rundo achambulie maharage hapo hapo. Nilipofika kwenye viraka nikagundua hatuna matundu, ikabidi nikate tundu ili lifanane na kiraka. Fundi Kashinje angeniona angefufuka ili afe tena.

Jirani mmoja akachungulia juu ya ua.

"Ninyi akina mama, mmechanganyikiwa? Mnachana nguo mpya?"

"Ni za Wazungu."

"Aaa," akasema, akaenda zake ameridhika.

Majina ya kwenye karatasi tuliyatunga. Masanja wangu, Mungu amweke popote alipo, alitokea mara nane, kila Masanja na miaka yake chini ya ardhi. Na ili watu wanaochukia uharibifu wavae kwa amani, tulikuwa tumeharibu ovaroli thelathini zisizo na kosa lolote.

Erasto alipokuja kuona mikoba aliishika kama anashika mtoto mchanga. Akapitisha kidole kwenye doa la majivu na udongo.

"Hii," akasema, "ni historia ya mtu."

"Ndiyo, baba," nikasema. "Tena nzito."

Mama wa maharage akatoka nje kwa kikohozi.

Mikoba ilikwenda, ikapendwa, ikaagizwa mingine. Lile gunia nilimwomba Erasto aliondoe. Akasema ni mali ya mradi, libaki, atalihitaji kwa picha. Nikamwambia basi picha azipigie kwa mbali. Nakiri kwamba nilianza kuzoea. Uongo ukikaa vizuri bila mkunjo, mtu huutia pasi akauvaa hata Jumapili.

Kisha akaja mnunuzi mwenyewe, mama mwenye duka la kule Ulaya. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka na hakunipa nafasi. Alikuwa mtu mzima kama mimi, amevaa sweta lililotoboka kiwiko, na tundu hilo alikuwa amelifuma upya kwa mkono, uzi juu uzi chini, kazi safi ambayo Kashinje asingeifumua. Aliposema "shikamoo" aliisema kwa Agatha, lakini alijitahidi. Alikaa, akanywa chai, akauliza majina yetu yote tisa na kuyarudia. Erasto alitafsiri.

Akashika mkoba, akasoma karatasi. "Anauliza," Erasto akasema, "Masanja huyu yuko wapi? Angependa kumshukuru."

"Yuko chini ya ardhi," nikasema.

Yule mama akaweka mkono kifuani. Nikaona amefikiri amekufa. Sikumsahihisha. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimefika.

Ndipo akatoa simu, akatuonyesha picha ya kitoto kichanga. Mjukuu wake wa kwanza, amezaliwa juzi. Akasema jambo refu, Erasto akachangamka.

"Anaomba kitu maalumu. Si cha kuuza. Kishuka cha kumfunikia mjukuu, cha vipande vya mashati ya zamani kabisa, yale laini. Anasema anataka mtoto akue akijua jasho la watu." Na kabla sijaweka kikombe chini, alikuwa ameshazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na gunia, anafungua kamba.

Nilifungua mdomo kusema mashati yana panya. Uongo ulikuwa tayari, umepigwa pasi. Sabina akanitangulia.

"Hapana. Hayo hapana."

Erasto akamtazama vibaya. "Dada, huyu ndiye mwenye oda."

"Ndiyo najua. Mwambie yana zebaki. Mwambie ni sumu. Mwanangu nilimkataza kuyagusa, wa kwake nitamfunika vipi?"

Wadogo zangu, katika chumba kile aliyekuwa na cha kupoteza kuliko wote alikuwa Sabina. Oda ile ndiyo ilikuwa paa juu ya kichwa cha Agatha, naye alijua. Mimi nilikuwa na macho mabovu na akiba kidogo, na bado nilikuwa natafuta panya.

Erasto akamgeukia mgeni, akatafsiri kwa sauti laini. Yule mama akasikiliza, macho yakamlowa, akatabasamu, akainamisha kichwa kwa heshima, akainua simu alipige picha gunia.

"Afisa," Sabina akasema, "mimi nimesema sumu. Mbona anatabasamu?"

Erasto akatazama viatu vyake.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia... kwamba kwa mila zenu shati la bahati halipewi mgeni."

"Mila zetu!" Sabina akasimama. Akamkabidhi mtoto kwa mama wa maharage, akamwambia atoke naye nje. Akachukua kisahani cha chai, akachomoa shati moja kwenye gunia, akaligeuza, akaligonga pindo juu ya kisahani kwa mpini wa mkasi. Mara ya kwanza vumbi. Mara ya pili vumbi. Mara ya tatu ikaanguka chembe, ikazunguka kisahani, ikasimama katikati inang'aa.

Hilo halikuhitaji mkalimani. Mgeni alirudi nyuma hatua mbili, mkono ukafunika picha ya mjukuu kwenye simu kana kwamba chembe ingeweza kumfikia. Akauliza neno moja, Erasto akajibu neno moja. Kisha mgeni akamwambia maneno machache kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo mama wa lugha yoyote huitumia kwa mwana aliyemwaibisha mbele za watu. Erasto akafunga gunia, kisahani nacho ndani, akalibeba hadi kwenye gari lake mwenyewe, ili baadaye alipeleke kwa wanaojua kuhifadhi sumu. Aliporudi nilimmiminia maji ya kunawa, nikampa na sabuni. Alinawa muda mrefu. Sikumcheka, ingawa nilikuwa na nafasi.

Yule mama alikuwa bado ameushika ule mkoba, lakini sasa kwa ncha za vidole.

"Anauliza, na huu je?" Erasto akasema. Hakututazama.

Wenzangu wote wakanigeukia mimi. Sikuwa na pa kwenda.

"Mwambie huo ni salama. Ovaroli ilikuwa mpya, tumeichakaza wenyewe kwa tofali. Masanja ni mzima, hajawahi kuivaa."

Safari hii alitafsiri yote. Nilijua kwa sababu mgeni alikaa chini. Aliutazama mkoba, akatazama matundu niliyoyakata kwa ajili ya viraka, akatazama kiwiko chake mwenyewe. Akauliza jambo.

"Anasema, nguo nzima, kwa nini mkaichana?"

Sabina akajibu. "Mwambie nzima wao hawakuitaka."

Nje Agatha alikuwa anapiga sufuria kwa kijiko. Mgeni hakukasirika, ningeelewa zaidi kama angekasirika. Aliupitisha mshono wa mkoba katikati ya vidole viwili, mshono wa Sabina, ambao haukuwa umechakazwa na mtu. Kisha akasema kitu kifupi.

"Anauliza, mkoba mzima, wa kitambaa kizima, bila jina la mtu. Mnauzaje?"

Hiyo sasa ilikuwa lugha yangu. Miaka yote ile ilikuwa imenitayarisha kwa swali hilo. Nikavuta pumzi, nikajiweka sawa. Sabina alikuwa ameshavuta kigoda, ameketi uso kwa uso na mgeni, ametaja bei ambayo mimi nisingethubutu kuitaja hata kwa mwenye duara.

Ninahesabu kwamba hapo ndipo nilipostaafu, ingawa cherehani niliifunika wiki mbili baadaye.

Mgeni akasema ni ghali. Sabina aliuchukua mkoba mikononi mwa mgeni, akaanza kuukunja taratibu, kama mtu ambaye mnunuzi wake mwingine yuko mlangoni anavua viatu.